Nusu Milimita

Mwaka wa pili chuo kikuu, kabla karo haijanishinda, tulisomeshwa hadithi ya Plato kuhusu mchungaji aliyepata pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Swali ni hili: mtu asiyeweza kuonekana ana sababu gani ya kutenda haki? Nilijibu haraka nikapata alama nzuri. Swali lenyewe lilikuja kunishika miaka mitatu baadaye, nikiwa na keekee mkononi.

Siku ambazo kazi za kuandika hazipatikani, mimi humsaidia mjomba kwenye karakana yake ya mabati kando ya barabara. Siku moja alinipa kiti cha shosho mmoja wa mtaa wetu, niunge mikono yake na miguu ya mbele kwa doweli, vile vijiti vya mviringo vinavyozama nusu huku, nusu kule, visionekane. Hadwea walikuwa na doweli za 3/8 ya inchi pekee. Biti yangu ilikuwa ya milimita 10. Piga hesabu: 3/8 ya inchi ni milimita 9.5 na ushee. Pengo halifiki hata nusu milimita. Nikachanganya gundi nyeupe na unga wa mbao, nikajaza, nikagonga, nikapiga msasa na vanishi. Kiti kikawa fiti. Nani angejua?

Kumbe gundi nyeupe si ya kuziba mapengo. Nguvu yake hutokana na mbao kubanana na mbao. Ikiachwa ijaze nafasi, hukauka, husinyaa, hupasuka. Baada ya miezi minne shosho alirudi na kiti kwenye bodaboda. Alikuwa akiinuka, akaegemea mkono mmoja wa kiti, ukachomoka. Hakuumia, shukuru Mungu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Badala yake akaniambia, "Pole, kijana wangu, nimekuharibia kazi. Siku hizi nimenenepa."

Nilikuwa na utetezi tayari: aliteremsha bei mpaka basi, na mteja hupata alicholipia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Aliyelipa kidogo hawezi kudai mvule. Lakini tazama kiti cha sipresi kilichopigiliwa misumari. Ni cha bei rahisi na hakifichi. Vichwa vya misumari viko pale, mnunuzi anaviona na anajua asikiamini sana. Kinaweza kuwa duni, lakini hakidanganyi. Changu kwa nje kilisema kimeungwa, ndani kilikuwa vumbi na gundi. Bei ndogo inaweza kupunguza ubora. Haiwezi kuninunulia ruhusa ya kumficha mtu ubora aliouziwa.

Darasani tulipojadili ile pete, tulimzungumzia mchungaji tu: atabaki mwema au ataharibika? Sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza kuhusu walio nje ya pete. Sasa naona kwamba kosa lililofichwa halipotei. Hutafuta mtu wa kulibeba. Shosho alitafuta sababu, hakuiona kwenye kiti, akaipata kwenye mwili wake mwenyewe. Hela ningeweza kumrudishia. Lakini kwa muda fulani yule mama alikaa nyumbani kwake akiuonea haya uzito wake kwa ajili ya nusu milimita yangu.

Nilimweleza mjomba. Hakunihubiria. Alitoa kipande cha chuma bapa, tukakitoboa tundu la milimita 10. Tukachukua mkaratusi mkavu, kwa sababu mbichi ungesinyaa baadaye na kulegea. Tuliupasua kwa patasi badala ya kuukata kwa msumeno, maana mpasuko hufuata nyuzi za mti, na kijiti chenye nyuzi nzima hakivunjiki ovyo. Tukachonga kwa kisu hadi vikaribie unene, kisha tukavigonga kwa nyundo vipite kwenye lile tundu. Upande wa pili vilitoka vya mviringo, saizi yake kamili. Tukavikwaruza mfereji mwembamba ili hewa na gundi iliyozidi vipate pa kutokea. Vijiti vinne, asubuhi nzima. Hakuna mteja anayelipia asubuhi hiyo.

Nilikirudisha kiti mwenyewe. "Shosho, si uzito wako. Niliweka vijiti vidogo, nikafunika." Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema nimrudishie nauli ya bodaboda. Nikamrudishia.

Ningependa kumalizia hapo, nikiwa nimeoga nikatakata. Lakini zile kazi za kuandika nilizozitaja, nyingine ni insha za wanafunzi wa ng'ambo, ambao huziwasilisha kwa majina yao. Nimejiambia mara nyingi kwamba wanajua wanachonunua. Kweli, wao wanajua. Lakini kile cheti siku moja kitaegemewa na mtu mwingine, mgonjwa labda, au mwajiri, ambaye hakuambiwa kilichomo ndani. Mambo yakimharibikia, huenda naye akajilaumu.

Nina insha moja ya kukabidhi Ijumaa, na kodi ya nyumba ni Jumatatu. Bado sijaianza.