Ghala la Uani, Mfuko wa Chumbani

Huku kwetu Mbooni, swali la kumtegemea Mungu huulizwa penye mahindi. Je, mwenye kuweka akiba ana imani haba? Wahubiri hupenda kumshika yule tajiri wa Injili ya Luka aliyepanga kubomoa maghala yake ajenge makubwa zaidi, akaitwa usiku ule ule. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na ghala sijaliona kuwa kosa lake. Yusufu alijaza maghala ya Misri miaka saba na hakuna aliyemkemea. Msikilize vizuri yule tajiri: anasemezana na nafsi yake tu. Hana mke, hana jirani, hana hata kibarua wa kumuuliza atayapeleka wapi mavuno yote hayo.

Ghala la zamani la Wakamba lisingemwachia upweke huo. Lilikaa uani, limesukwa kwa fito, limeinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa nyasi. Upepo ulipita chini ya sakafu ukapenya ubavuni, na palipopita upepo palipita na macho. Aliyekatiza uani alijua umevuna kiasi gani. Mahindi yalipata hewa kwa sababu watu walikuwa na mapatano: jirani haibi, nawe humnyimi.

Mwaka 2004 tuliona mapatano hayo yakivunjika. Chakula kilikuwa haba, watu wakaogopa wezi, wengi wakaingiza mahindi ndani kabla hayajakauka, magunia yakalundikwa sakafuni pale pale wanapolala. Kuvu ikapata joto na unyevu. Sumu yake, aflatoksini, haiondoki kwa kupikwa, hata isyo, yaani mahindi na maharagwe, ikichemka kutwa. Makueni, Kitui, Machakos na Thika waliugua watu 317, wakafa 125, wengi macho yakiwa ya manjano kwa ini lililoharibika. Watafiti waliowalinganisha wagonjwa na wenzao wazima walikuta kuwa wagonjwa ndio hasa waliokuwa wameweka mahindi mabichi nyumbani badala ya ghalani.

Watu husema laana, husema mapenzi ya Mungu. Mimi sioni haja ya kumpandisha Mungu kizimbani kabla hatujaulizana kwa nini jirani alimwogopa jirani. Ingawa hilo nalo ni rahisi kulisema ukiwa umeshiba.

Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa: plastiki mbili ndani, gunia nje. Kila tabaka unalifunga peke yake, wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo na kufa bila dawa. Mimi huinunua, maana dumuzi hana dini. Lakini mfuko haukaushi kitu; ukifungia unyevu, umeufuga. Ndiyo maana kabla ya kufunga tunatwaa chupa ya kioo iliyo kavu, tunatia mahindi mpaka theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tunatikisa, tunaiacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yanarudi juani kwenye turubai. Huku juu Kikima, ukungu unapokawia kuondoka milimani, huwa inaganda. Kule Kalawa kwenye joto hawana taabu hiyo.

Ubishi wetu nyumbani si wa chumvi. Mke wa mwanangu aliniambia, "Mwaitu (mama), tukishafunga mifuko tuiweke chumbani, mtu asijue tuna mingapi." Kuiweka chumbani nakubali. Kuificha idadi ndiko kunakonikera. Torati inamruhusu mpita njia ale zabibu za jirani hadi ashibe, ila asitie chomboni. Sheria hiyo inadai pande mbili: shamba lionekane, na mwenye njaa awe na kiasi. Mfuko uliofungwa mara tatu, nyuma ya mlango wenye kufuli, haumwachii mwenye njaa hata nafasi ya kuonyesha kiasi chake. Tumeshamhukumu kuwa mwizi kabla hajabisha hodi.

Yeye hunijibu kwamba zabibu huliwa mvua ikiwa imenyesha, na kwamba usiku watoto wakilia njaa anayeamka ni yeye, si Musa. Sina jibu la kumnyamazisha. Tumepatana nusunusu: mifuko inakaa ndani, na jirani wawili wanajua idadi. Wa tatu ndiye bado tunambishania.