Futa "Mimi", Weka "Yeye"

Januari iliyopita, katika ukumbi mmoja mjini Ifakara, mgeni rasmi alimwambia mtoto wa kaka yangu maneno manne: futa "mimi", weka "yeye". Aliyasema kwa upole, kama daktari anayemwandikia mgonjwa dozi, na watu wakapiga makofi. Binti akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, mwalimu." Nilikaa kimya kwa heshima ya wenye shughuli, na kimya kile kimenikaa kooni mpaka leo.

Novemba iliyotangulia alikuwa amejifunga kuandika riwaya ya maneno 50,000 kwa siku 30. Zoezi hilo lilianzia Marekani mwaka 1999, watu 21 wa eneo la San Francisco walipokubaliana kila mmoja amalize riwaya ndani ya mwezi mmoja, kisha likaenea duniani. Hakuna anayemshinda mwenzake. Kila mtu anashindana na kalenda. Ukigawa, ni maneno 1,667 kwa siku, na mwezi wenyewe kwetu Mofu, katika bonde la Kilombero, ni wa shamba: trekta inagombaniwa, majani yanachomwa, macho yote yako kwenye mawingu upande wa Udzungwa. Mchana binti alikuwa shambani na mama yake, usiku akaandika kwa taa ya sola. Alijaza kaunta buku tatu. Humo mzee wa Kindamba, mvushaji wa mtumbwi, anasimulia maisha yake tangu siku aliposhikishwa pondo kwa mara ya kwanza hadi siku magoti yalipokataa kumsimamisha. Amevusha maharusi, amevusha maiti, amevusha mbuzi waliompiga teke. Kila neno linatoka kinywani mwake mwenyewe. Mwandishi ana miaka 23, ni mwanamke, na mtumbwi anaujua kama abiria.

Mgeni rasmi ni mtu aliyesoma sana, na jina lake silitaji. Aliuliza: mzee huyu ni nani? Akajibiwa hayupo, amebuniwa. Basi, akasema, huu ni ushuhuda wa uongo. Kijana wa kijijini ana hazina ya mambo aliyoyaona kwa macho yake, aandike hayo. Akitaka kueleza habari za mzee, amweleze kwa "yeye", msomaji ajue nani anasema. Na kama mzee yupo, aletwe ahojiwe.

Tawasifu ni maisha ya mtu kayaandika mwenyewe, wasifu ni maisha ya mtu kayaandika mwingine, riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni. Kila aliyepita kidato cha tano anayajua haya. Tusonge.

Neno lililonichoma ni "uongo". Mwongo hujificha. Anataka niamini jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini, na mpango wake wote unavunjika nikimtambua. Binti huyu aliandika RIWAYA kwa herufi kubwa juu ya jalada la kila kaunta buku. Daniel Defoe alipotoa Robinson Crusoe London mwaka 1719, ukurasa wa mbele ulidai kwamba Crusoe ndiye aliyeandika, na jina la Defoe halikuwapo. Hapo kweli pana la kujadili. Kwetu mambo haya yalikuwa na mkataba wake kabla vitabu havijafika. Bibi anapotangaza hadithi, wajukuu wenyewe ndio wanaouita uongo uje na utamu ukolee. Hawajadanganywa. Wameagiza.

Wapo waliopinga kwa haki siku ile. Mama mmoja alisema kwamba tawasifu za kubuni zikizidi, aliyeteswa kweli ataandika yake asiaminiwe, na hilo lina uzito, sina jibu la kulimaliza. Mwingine aliuliza ni nani aliyempa kijana ruhusa ya kuvaa sauti ya wavushaji wakati wazee wao wanakufa bila kuandikwa, na swali hilo ni la halali. Lakini hao hawakupigiwa makofi.

Makofi yalipigiwa "weka yeye", kana kwamba ni kubadilisha kitasa cha mlango na nyumba ibaki ileile. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka 31 na ninajua kazi anayoagiziwa binti. Katika Kiswahili "mimi" haikai peke yake ikingoja kuondolewa. Imejichimbia ndani ya vitenzi: nilivuka, sikumwona, ningemshika. Katika ukurasa wa kwanza wa kaunta buku ya pili nilihesabu mahali 43. Na si hesabu tu. Mzee anasema mahali fulani, habari za abiria aliyezama, "Nisingalimwacha." Soma neno hilo peke yako usiku. Ni mtu anayejihukumu, na hukumu haijatoka. Sasa fuata agizo la mgeni rasmi: "Asingalimwacha." Ghafla yupo mtu wa pembeni, jirani au ndugu, anamtetea mzee mbele ya baraza. Herufi moja imeingia mahali pa herufi mbili na jambo limegeuka kutoka majuto kuwa utetezi. Anayesema "yeye" amesimama ukingoni. Anaweza kuuona mtumbwi wote, mbele na nyuma, hata mamba nyuma yake. Aliyemo ndani anaona maji tu. Riwaya ya binti inahusu kuona maji tu.

Halafu, hii "mimi" inayolindwa kama hati ya kiwanja, lini ilikuwa mali ya mtu mmoja? Jirani yangu akija kunipa habari za ugomvi wa jana, husema, "Basi akashika kiuno, akasema, mimi hapa siondoki!" Naye anashika kiuno. Hakuna anayedhani kwamba jirani yangu ndiye haondoki. Tunaazimana "mimi" mchana kutwa, sokoni, msibani, barazani, na hatujawahi kupelekana mahakamani. Darasani kwangu vijana waliigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyotoka 1969. Kinjeketile wa Ngarambe aliishi kweli, lakini Hussein alieleza wazi kwamba wa kwake ni kiumbe cha fikra. Kijana wa Mlimba alisimama juu ya dawati akasema kwa "mimi" ya mtu huyo, katika bonde ambalo vita vya Maji Maji vililipitia, na wazee waliokuja kutazama walilia. Hakuna aliyedai kitambulisho chake.

Mimi mwenyewe nilijifunza kuazima "mimi" juu ya dungu. Mpunga unapoanza kujaa maziwa ndani ya punje, ndege wanajua kabla ya mwenye shamba, na kuanzia hapo mtoto hana lake tena. Unapanda alfajiri, unashuka giza likiingia. Nguzo nne, sakafu ya matete, paa la nyasi linalovuja upande ambao umechagua kukaa. Kuna kombeo na udongo uliofinyangwa, na kuna kamba zilizofungwa makopo zinazokwenda mpaka pembe za shamba. Ukivuta, shamba zima linapiga kelele. Kwelea wanainuka kama moshi, wanazunguka, wanashuka kwa jirani, na jirani anavuta zake. Nilikuwa na miaka tisa. Kazi ya kuamia ndege inahitaji sauti siku nzima, na sauti yako ukiisikia peke yake tangu asubuhi unaanza kuiogopa. Basi unatafuta nyingine. Nilikuwa kwelea mwenye watoto elfu moja, nikilalamika kwamba binadamu ni mchoyo. Nilikuwa bibi yangu anayemgombeza babu aliyekwisha kufa. Nilikuwa mwanamume mwenye mashine ya kukoboa, tajiri, anayekataa kukopesha. Dada yangu kwenye dungu la pili alinijibu kwa sauti ya mkopaji, na mabishano yetu yalivuka mpunga kutwa nzima. Harufu ya mpunga mbichi wakati jua limepanda siwezi kuieleza kwa asiyeijua. Nakumbuka vilevile kwamba jioni, nikishuka ngazi, ilinichukua muda kurudi kuwa mtoto anayetumwa maji. Nilikuwa nimetoka mbali.

Labda mgeni rasmi hakuwahi kuamia ndege. Lakini Kichwamaji lazima ameisoma. Kazimoto anasimulia kwa "mimi": kijana wa Ukerewe, mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam. Euphrase Kezilahabi aliyemwandika alizaliwa Ukerewe na alisoma chuo hichohicho. Riwaya ilitoka 1974. Mwishoni Kazimoto anajiua. Kezilahabi aliendelea kuishi, akafundisha, akaandika, mpaka alipofariki 2020. Je, ile "mimi" ilikuwa ushuhuda wa uongo? Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934, wataalamu mpaka leo wanabishana kama ni historia, kumbukumbu za watu wa Freretown au riwaya ya mwanzo ya Kiswahili, na ubishi huo haujamnyima heshima yake. Kwa nini basi kaunta buku tatu za Mofu zidaiwe risiti?

Jibu langu ni chungu na sitalipaka asali. Msomi akibuni, tunasema ana kipaji. Mtu wa kijijini akibuni, tunasema ametoka kwenye nafasi yake. Nafasi yake ni kuona na kueleza, ili mwingine afikiri. Amepewa kazi ya shahidi na hawezi kuiacha bila ruhusa.

Na bonde letu limekuwa "yeye" kwa muda mrefu. Mwaka 1935 Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, na mkewe walichapisha kitabu kizima kuhusu Wabena wa mito ya bonde hili, Ubena of the Rivers. Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wao, aliandika sura moja ndani yake. Sura moja kwa mtema! Kwingine kote watu wa bondeni ni "wao": wanavua, wanaoa, wanazika. Baadaye ukaja utafiti. Ifakara ni mji wa utafiti tangu miaka ya 1950, na nitakuwa mkosa shukrani nisiposema faida yake, maana vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa kwetu mapema na watoto wetu wako hai kwa ajili hiyo. Tangu 1996 kaya za vijiji vingi vya Kilombero na Ulanga hutembelewa mara kwa mara, kuandikwa aliyezaliwa, aliyekufa, aliyehama. Sisi ni hodari wa kuhojiwa. Mtoto wa Mofu anajua dodoso kabla hajajua barua.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, na nimezunguka kwa sababu ni pagumu. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja mwenye dodoso alikaa kwenye kigoda uani kwetu akamwuliza mama yangu amezaa watoto wangapi. Mama alikuwa akipepeta mchele. Alisema, "Saba." Hakuinua uso. Kijana akaandika saba, akashukuru, akaenda zake. Nilikuwa nimekaa mkekani, nikanyamaza. Mama alizaa tisa. Wawili walichukuliwa na maji ya masika mwaka mmoja, kabla sijazaliwa, na majina yao hayatajwi nyumbani kwetu.

Ile ilikuwa "mimi" ambayo mgeni rasmi angeikubali. Mwenyewe alikuwapo. Alihojiwa. Kaya yake ilikuwa na namba. Je, mama alidanganya? Kwa maana niliyoitoa juu, ndiyo: alitaka kijana aamini jambo ambalo yeye hakuliamini. Lakini nikilisema hilo naona ulimi wangu umefanya kosa, na sijui kosa liko kwenye maana yangu au kwangu mimi niliyeileta maana kwenye ua ule. Pengine saba ndiyo idadi aliyoweza kuibeba. Pengine swali lilikuwa la "yeye" na mama alijibu kwa niaba ya mwanamke mwingine, mwenye watoto saba, ambaye angeweza kuendelea kupepeta.

Katika kaunta buku ya tatu, mzee wa mtumbwi ana kona moja ya mto ambapo kila mara huinua pondo na kuuacha mtumbwi uende wenyewe. Abiria hudhani anapumzika. Kurasa nyingi baadaye anasema kwamba hapo maji yaliwachukua watoto wake wawili, na tangu siku ile akiulizwa idadi huwa hawataji. Nilisoma hayo ndani ya chandarua, nikainuka, nikaketi. Asubuhi nilimwuliza binti ni nani aliyemwambia. "Amenieleza nani, shangazi?" akasema. "Siku zilikuwa zimebaki nne, nikaandika kilichokuja."

Sikumweleza. Nikimweleza, mzee atakuwa amepatikana: atakuwa bibi yake, na kitabu kitageuka ushuhuda wa ukoo, kitu kilekile alichoagizwa akilete. Nisipomweleza, nimeungana na walionyamaza. Juzi alikuja na kalamu nyekundu. Amekwisha anza kugeuza, yuko ukurasa wa kumi na mbili wa kaunta buku ya kwanza, ni- zote zimekatwa mstari. Nilimwomba aache. Akaniambia, "Shangazi, yule ni mtu mkubwa. Huenda kuna kitu anakiona." Nilitafuta la kumjibu nikakuta ninayo mengi, haya yote niliyoyaandika hapa, na hakuna hata moja ambalo lingemtosha bila lile la bibi yake.

Akisoma hapa, atakuwa amejua. Kaunta buku ya tatu bado iko kwangu.