Mazoea na Ithibati

Je, ni haki kuifanyia majaribio dawa iliyokwisha kuaminiwa? Deksamethasoni hutuliza kufura kwa ubongo kwa wanaopasuliwa uvimbe kichwani. Imetumika hivyo tangu miaka ya 1960. Mzee wa Matambarale, kule Ruangwa, akiambiwa kura ndiyo itakayoamua mwanawe apewe au asipewe, ataona amedhulumiwa. Lakini kura hiyo ilipigwa Uganda, Malawi na Asia kwa wagonjwa 451 wenye virusi vya UKIMWI na homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu. Jaribio likasitishwa: waliopewa dawa walizidi kupata ulemavu. Matokeo yalichapishwa 2016. Pasipo kura, huruma ingeendelea kudhuru. Dhuluma si kupiga kura. Dhuluma ni kumficha mzee kwamba tabibu naye hajui.