Kabla ya Sindano ya Usingizi

Mgonjwa wa saratani ya umio huko Mutomo, kusini mwa Kitui, hufika siku ambayo hata uji haupiti kooni. Mofini iliyozoeleka Kenya ni ile ya maji, ya kunywa, naye hawezi tena kumeza. Maumivu yakizidi, daktari huanza kufikiria midazolamu, dawa ya usingizi: kumpunguzia mgonjwa fahamu, pengine mpaka akate roho. Je, huko ni kutuliza au ni kuua polepole?

Kanisa Katoliki lilijibu mapema. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa nusukaputi kwamba dawa ya maumivu inaruhusiwa hata ikifupisha maisha, mradi hakuna njia nyingine na kifo chenyewe hakikusudiwi. Sheria ya Kenya haina ulaini huo: kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa amekisababisha, hata kama ugonjwa ungemuua. Ndiyo maana daktari makini huanza na dozi ndogo, huongeza kadiri dalili zinavyodai, na kuandika kila hatua kwenye faili. Tafiti za wagonjwa wa saratani hazijaonyesha kwamba usingizi uliopimwa hivyo hufupisha maisha.

Kinachopotea kwa hakika ni mazungumzo. John Mbiti, mwanafalsafa aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alieleza kwamba marehemu hubaki karibu na walio hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Kwa familia inayofikiri hivyo, wosia kuhusu mipaka ya shamba, au msamaha kwa mwana aliyekosana na babake, si jambo la kumalizwa na sindano. Basi mgonjwa aulizwe mapema, akiwa na akili timamu: watu gani waje kwanza, alale kiasi gani, na je, angependa kuamshwa?

Lipo swali gumu zaidi. Tiba shufaa huruhusu usingizi huu pale tu mateso yanaposhinda kila dawa. Sharti hilo linachukulia kwamba dawa zilikuwepo. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba hospitali nyingi za umma nchini Kenya hazikuwa na mofini. Ng'ambo ya mpaka, Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa mofini tangu 2004.

Mgonjwa wa Mutomo angeweza kutulizwa kwa mofini ya sindano chini ya ngozi, huku akiongea na wanawe. Ikikosekana Mutomo, au hata katika miji ya Kibwezi na Wote, mateso yake hayajashinda dawa. Yameshinda stoo ya hospitali. Kumwacha ateseke usiku kucha kwa sababu hiyo kungekuwa ukatili, kwa hiyo kumlaza bado kunaweza kuwa halali. Lakini kwenye faili, mahali pa sababu, daktari aandike kwamba mofini ya sindano haikupatikana, na nakala ifike kwa waziri wa afya wa kaunti.