Hadhira ya Ukutani

Miongoni mwa maswali ambayo wapenzi wa sanaa hawajachoka kuulizana limo hili: je, mchezo unaochezwa pasipo mtu wa kuutazama ni mchezo? Mkulima aimbaye peke yake shambani twamwelewa. Aimba ili jembe lisimlemee. Mama abembelezaye mwanawe usiku wa manane twamwelewa vilevile. Lakini mtu aliyevaa mavazi ya maonyesho, akawasha taa, akafungua pazia kwa saa aliyoitangaza mwenyewe, kisha akacheza mbele ya viti vitupu, huyo tumwiteje? Wengi wetu tuliolelewa katika itikadi kwamba sanaa ni mali ya jamii, nayo haina uhai nje ya jamii, tungekuwa wepesi kumwita mwenda wazimu. Au, tukimhurumia, tungemwita mbinafsi mwenye kipaji. Nami nilikuwa na fikira hiyo. Sikuitupa yote, lakini imebidi niipunguze tangu nilipoanza kuyachunguza maisha ya Marta Becket na jumba lake la jangwani.

Mahali penyewe huitwa Death Valley Junction, yaani njia panda ya Bonde la Mauti, katika jimbo la California nchini Marekani, karibu na mpaka wa Nevada. Mgeni aendaye huko aghalabu huondoka Las Vegas, ule mji wa kamari na taa zisizozimwa, ambamo kila usiku maelfu ya watu hulipa fedha nyingi ili watazame wacheza dansi. Akishika njia ya magharibi kwa kiasi cha kilomita 150, taa zote zimekwisha. Mbele yake kuna mchanga, vichaka vikavu na milima isiyo na mti. Upande wa pili wa milima hiyo, mahali paitwapo Furnace Creek, joto lilipimwa tarehe 10 Julai 1913 likafikia nyuzi 56.7 za sentigredi, kipimo ambacho bado kimeandikwa kuwa kikubwa kupita vyote duniani. Karibu na njia panda hupita mto Amargosa, ambao sehemu kubwa ya mwendo wake uko chini ya ardhi. Mtu aweza kuuvuka asijue kwamba ameuvuka. Neno amargosa kwa Kihispania lina maana ya uchungu, na maji yake kweli ni ya chumvi.

Katika upweke huo mgeni huona jengo refu jeupe la matofali ya udongo, lenye safu ya matao mbele yake, limepinda pande tatu kuuzunguka ua. Lilijengwa kati ya mwaka 1923 na 1925 na Kampuni ya Pacific Coast Borax, iliyochimba boraksi, ile chumvi ya madini itumikayo katika sabuni na vioo. Ulikuwa mji wa kampuni kwa kila hali: ofisi ya kampuni, duka la kampuni, hoteli ya kampuni, mabweni ya wafanyakazi wa kampuni. Pembeni palijengwa ukumbi ulioitwa Corkhill Hall. Humo wachimbaji na jamaa zao walicheza dansi, wakatazama sinema, wakasali na kufanya mikutano yao. Mwaka 1927 kampuni ilihamishia uchimbaji wake kwenye machimbo mapya katika jangwa la Mojave, na mwaka 1940 reli iliyoupitia mji ikaacha kufanya kazi. Msomaji aliyepata kupita kwenye kambi za mkonge zilizohamwa hahitaji kuelezwa mengi juu ya hali iliyofuata. Mtaji uliwaita watu, mtaji ukaondoka, na watu wakatawanyika. Ukumbi ulibaki kwa sababu haukuwa na miguu.

Jambo hili la kwanza yafaa tulizingatie kabla hatujamfikia msanii. Ukumbi ule ulikuwa na jamii yake hasa, jamii ya wafanyakazi, wala si ya kuchora. Tena jamii hiyo haikushindwa kuulinda ukumbi wake kwa sababu ya uvivu au kutopenda sanaa. Haikuulinda kwa kuwa haukuwa wake. Tunaposema kwamba jamii ndiyo mlinzi wa utamaduni hatuna budi kuuliza pia kama jamii hiyo ina mamlaka juu ya paa, mlango na ardhi.

Marta Becket alizaliwa mjini New York mwaka 1924. Alifundishwa baleti, akacheza katika kundi la Radio City Music Hall, akashiriki michezo ya Broadway, kisha akatunga maonyesho ya mtu mmoja ambayo aliyatembeza nchini akifuatana na mumewe. Mwaka 1967, wakiwa safarini, walipiga kambi katika Bonde la Mauti, na gurudumu la trela yao likapata pancha. Wakaelekezwa njia panda kulitengeneza. Wakati fundi akishughulika, mama huyu alizungukazunguka kati ya majengo yaliyohamwa, akafika nyuma ya ukumbi, akachungulia katika tundu la mlango. Ndani aliona jukwaa dogo, mabaki ya pazia, na sakafu iliyoharibika. Alikuwa na umri wa miaka 43 hivi, umri ambao wacheza baleti wengi huwa wamekwisha vua viatu. Wakaukodi ukumbi kwa dola 45 kwa mwezi, na matengenezo yakawa juu yao wenyewe. Akaupa jina la Jumba la Opera la Amargosa, ingawa opera hasa haikuwa kazi yake. Jina kubwa kwa banda dogo, na sidhani kwamba alilitoa bila kutabasamu.

Walipaka rangi, wakaziba paa lililovuja, mumewe akatengeneza taa za jukwaani kwa makopo ya kahawa. Tarehe 10 Februari 1968 pazia lilifunguliwa kwa mara ya kwanza, na watazamaji walikuwa 12. Tangu hapo akashika desturi ya kucheza siku za Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu, saa mbili na robo usiku, ajapo mtu au asije. Zipo siku hakuja mtu hata mmoja, na pazia likafunguliwa vilevile.

Mnamo Julai ya mwaka ule alianza kuchora katika kuta za ukumbi hadhira nzima. Ni hadhira ya Hispania ya karne ya 16: mfalme na malkia wamekaa katikati, nyuma kabisa, wakilielekea jukwaa, wamezungukwa na mabwana na mabibi wa enzi hiyo, wapiganaji wa mafahali, watawa wa kiume na wa kike, na walevi wenye kufurahi. Kuta zilimchukua miaka minne. Kisha akapanda juu ya jukwaa la fundi, akachora dari, malaika wadogo na njiwa na wanawake wapigao ala za kale, kazi aliyoimaliza mwaka 1974. Alieleza kwamba alifanya hivyo ili asikose kamwe watazamaji.

Hapa ndipo penye mzozo. Mtu aliyelelewa katika ngoma zetu ataona jambo hili ni kinyume cha sanaa. Katika ngoma mtazamaji na mchezaji hubadilishana nafasi. Aliyesimama ukingoni sasa hivi, punde yumo katikati ya duara. Katika taarabu msikilizaji huinuka, akaenda kumtunza mwimbaji, na pengine akamtumia mafumbo mpinzani wake aliyeketi viti viwili nyuma. Wote hawa wanashiriki, na kwa hiyo wana uwezo wa kukataa. Hadhira ya rangi haina uwezo huo. Haizomei, haikohoi, haiondoki katikati ya mchezo. Hata mchezaji akikosea hatua, mfalme hukodoa macho yale yale. Je, msanii aliyejichorea watazamaji hakujipa heshima ambayo alipaswa kuitafuta kwa watu?

Pingamizi hilo ni zito, nami sitalipuuza. Lakini tarehe za kazi yenyewe zanizuia kulikubali lote. Mwaka 1970 gazeti la National Geographic liliandika habari za jumba lile, na watu wa nyama na damu wakaanza kuja kutoka mbali. Wakati huo kuta hazijakwisha, na dari haijaguswa. Kama michoro ingalikuwa badala ya watu tu, basi watu walipofika, brashi ingaliwekwa chini. Haikuwekwa. Aliendelea kwa miaka minne mingine, akichora mchana na kucheza usiku mbele ya wageni. Kwa maoni yangu, hadhira ile haikuwa badala ya watazamaji bali kiapo. Aliyechora mfalme ukutani hawezi tena kusema kwamba leo hakuna mtu, kwa hiyo nitalala.

Tena tusijidanganye kwamba hadhira ya kuchorwa ni ugonjwa wa mama mmoja wa jangwani. Kila msanii, hata yule achezaye uwanjani mbele ya maelfu, amechora hadhira nyingine moyoni mwake, nayo ndiyo aitazamayo hasa. Kuna mwandishi wa Kiafrika ambaye, aandikapo habari za kijiji chake, husimama kila aya kueleza ugali ni nini. Anamweleza nani? Watu wa kijijini waujua. Ukutani mwake ameketi mhakiki wa London, na mwandishi hana habari kwamba amemchora yeye mwenyewe. Kuna pia makofi ya kupangwa, ya watu waliosimamishwa kando ya barabara tangu alfajiri ili kumshangilia mgeni mheshimiwa. Nimewahi kusimama katika safu kama hiyo, nikiwa mwanafunzi, na nakiri kwamba nilipiga makofi bila kusikia neno lililosemwa. Tulikuwa na mikono na sauti, lakini kwa habari ya uwezo wa kukataa tulikuwa sawa na watu wa Hispania wa Amargosa. Tofauti ni kwamba Becket alijua kuwa hadhira yake ni rangi.

Kuibadili hadhira iliyo moyoni ni kazi ngumu, na mara nyingine ni ya hatari. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwandishi mwenye sifa kubwa kwa Kiingereza alipotunga pamoja na Ngũgĩ wa Mirii tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, ichezwe na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa. Mchezo ulianza Oktoba 1977. Mwezi uliofuata ukapigwa marufuku. Mwaka ulipokwisha mwandishi alikamatwa akawekwa kizuizini. Mwezi Machi 1982 askari waliubomoa ukumbi wenyewe. Nawaza mara kwa mara juu ya kumbi hizi mbili. Ule uliokuwa na watu tele haukuachwa usimame hata miaka mitano. Ule uliochorewa watu ulitiwa mwaka 1981 katika orodha ya serikali ya Marekani ya majengo ya kihistoria. Siwezi kulihesabu hili kuwa ushindi wa Becket. Hakuna mwenye nguvu aliyeona sababu ya kuogopa baleti ya jangwani.

Na lipo jambo ambalo bado lanisumbua katika kuta zile. Msanii alikuwa huru kuchora hadhira yoyote duniani. Angaliweza kuwachora wachimba boraksi, ambao ndio walioketi humo hapo kwanza, na vumbi jeupe katika nguo zao. Angaliweza kuwaketisha mbele kabisa watu wa kabila la Timbisha Shoshone, walioliita bonde lile nyumbani karne nyingi kabla ya kampuni yoyote, na ambao ardhi yao walirudishiwa sehemu tu, kwa sheria ya mwaka 2000. Alimchagua mfalme wa Hispania. Watetezi wake watasema kwamba msanii haamriwi ndoto, na ni kweli. Lakini ndoto nazo zina historia. Mtoto aliyefundishwa baleti, sanaa iliyokuzwa katika majumba ya wafalme, ataota wafalme. Simlaumu, ila sitaki jambo hilo lipite bila kutajwa, maana nasi tunayo majumba tunayoyaota ambayo hatukuyajenga.

Miaka ikapita. Mwaka 1983 viti vya bustanini viliondolewa, vikaletwa viti 120 kutoka jumba la maonyesho la Boulder City huko Nevada. Mwaka huo huo mumewe aliondoka. Aliyeshika nafasi yake jukwaani alikuwa Tom Willett, mtu aliyekuwa fundi wa kutengeneza hiki na kile hapo mjini, ambaye hakuwa na mafunzo ya uigizaji. Akawa meneja wa jukwaa, mtangazaji na mchekeshaji, hadi alipofariki mwaka 2005. Nampenda zaidi mtu huyu kuliko wahusika wote wa kisa hiki. Becket alikuja jangwani na sanaa yake tayari mwilini. Willett aliikuta pale pale, akiwa na bisibisi mkononi, akaingia. Bila kukusudia nadharia yoyote, jumba lile lilifanya katika yeye kile ambacho ngoma hufanya: lilimtoa mtu ukingoni likamtia katikati ya duara.

Becket alicheza kwa mara ya mwisho mwezi Februari 2012, akiwa na umri wa miaka 87. Uzee ulipomzuia kusimama juu ya vidole, alikaa kitini akaimba na kusimulia. Alifariki pale pale njia panda tarehe 30 Januari 2017, akiwa na miaka 92. Jumba lingali likisimama, na shirika lisilo la faida ndilo lililitunzalo. Mgeni aingiaye leo huketi katika moja ya viti vya Boulder City, hutazama jukwaa dogo, halafu hugeuka kutazama kuta. Wageni wengi, baada ya muda, huomba kupanda jukwaani ili wapige picha. Ndipo mfalme na malkia, na watawa, na walevi, na wapiganaji wa mafahali, wote huwa wamewakazia macho wakingoja.