Ramadhani 16: Sheria imeturuhusu. Na amana je?



Juzi baada ya tarawehe alinijia baba mmoja amemshika mkono mwanawe wa miaka minane hivi. Mtoto alikuwa na swali, baba kashindwa kulijibu. "Ustadh," mtoto akasema, "yule mjomba wa mbele yangu aliposujudu shati lilipanda, nikaona bastola. Anamwogopa nani, na sisi tuko msikitini?"

Nikamwambia, "Mjomba anatulinda." Akaitikia, lakini hakuridhika. Na kusema kweli, hata mimi sikuridhika na jibu langu.

Leo naomba tulitazame swali hilo pamoja, kwa sababu Jumamosi kamati ya shura itakaa kuamua kama tuwe na kikosi cha ndugu wa kujitolea wenye silaha katika kumi la mwisho, siku ambazo msikiti hujaa mpaka maegesho ya magari.

Wengi wetu tumekulia Mombasa, Tanga, Kigoma au Buyenzi kule Bujumbura, ambako mlinzi wa msikiti ni mzee mwenye tochi na rungu, na kazi yake kubwa ni kuangalia viatu visiibiwe. Hapa Texas mambo ni mengine. Basi tuanze na sheria, maana nasikia watu wanaisimulia kila mtu kivyake.

*Sheria inasema nini*

Kabla ya 2017, nyumba ya ibada iliyotaka kuunda kikosi chake cha ulinzi ilibanwa na sheria ile ile ya kampuni za walinzi, yenye leseni na mafunzo yake. Septemba 2017 jimbo likawaondolea sharti hilo wanaojitolea kulinda makanisa, masinagogi na nyumba nyingine za ibada. Lakini kuna kifungu ambacho wengi hawakijui: mlinzi huyo wa kujitolea haruhusiwi kuvaa sare wala beji yenye neno la ulinzi, au inayomfanya aonekane polisi au mlinzi rasmi. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Novemba mwaka huo huo mtu mwenye bunduki aliingia kanisani Sutherland Springs. Wakafa watu 26, akihesabiwa na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mwaka 2019 sheria nyingine ikaweka wazi kwamba mwenye leseni ya bastola anaweza kuingia nayo nyumba ya ibada, isipokuwa wenye nyumba wawe wamemkataza kwa tangazo rasmi au kwa mdomo. Kisha 2021 leseni yenyewe ikaacha kuwa lazima kwa watu wengi wenye miaka 21 na zaidi.

Majimbo hayafanani. New York mwaka 2022 walipiga marufuku silaha katika nyumba za ibada, mwaka uliofuata wakawaruhusu waliopewa kazi ya kuzilinda. Kwa hiyo ndugu anayetutembelea kutoka jimbo jingine asidhani ya kwao ndiyo ya hapa.

Sasa hebu tazameni sheria ya kwetu ilivyokwenda. Kila hatua imeondoa sharti. Ile leseni ilimtaka mtu akae darasani saa 4 hadi 6, kisha aonyeshe kwa vitendo kwamba anaweza kulenga shabaha. Leo mtu anaweza kubeba bastola bila kupita hapo kabisa. Je, haja ya mafunzo imeondoka? Haikuondoka. Serikali imeutua mzigo huo, na mzigo ukituliwa na mmoja lazima mwingine aubebe. Hapa mwingine ni sisi. Katika fiqhi tunajua kwamba mubah si wajibu, na kwamba kuruhusiwa kufanya jambo hakukufutii hesabu ya namna ulivyolifanya.

*Nyumba mbili za kaunti moja*

Kaunti yetu hii ya Tarrant ina visa viwili vya majirani zetu ambavyo kila mmoja wetu angepaswa kuvijua.

Cha kwanza ni kanisa la West Freeway, mjini White Settlement, tarehe 29 Desemba 2019. Mtu alikuja amejibadilisha sura. Walinzi wa kujitolea walimtilia shaka mapema, wakawa wanamwangalia. Aliposimama na kutoa bunduki aliua waumini wawili, na mmoja wa walinzi, mtu aliyekuwa mkufunzi wa silaha, akampiga risasi moja. Yote yalikwisha kwa takriban sekunde 6. Ndugu, tuseme haki: bila mlinzi yule wangekufa wengi. Lakini tuangalie na upande wa pili. Aliyefyatua alikuwa na ujuzi wa miaka. Na kwenye video wanaonekana waumini wengine kadhaa wakichomoa bastola zao katikati ya watu waliolala sakafuni. Mwenyezi Mungu alisitiri. Je, kila safari tutakuwa na yule mmoja, au tutakuwa na wale wengine?

Cha pili ni sinagogi la Colleyville, Jumamosi ya tarehe 15 Januari 2022. Asubuhi ya baridi mgeni aligonga mlango, rabi akamfungulia na kumpikia chai. Baadaye katikati ya ibada mgeni yule akatoa bastola, akawashika mateka watu wanne, rabi akiwa mmojawapo. Na mgeni yule alikuwa Muislamu, kutoka Uingereza. Hatuna budi kulisema, kwa sababu sisi huwa wepesi wa kutaja madhambi ya wengine. Mmoja aliachiwa jioni. Baada ya takriban saa 11 rabi alimrushia mshikaji kiti, wakakimbia, wakatoka salama wote. Rabi mwenyewe amesema hadharani kwamba mafunzo ya usalama aliyohudhuria ndiyo yaliyomsaidia. Siku ile chombo chake cha ulinzi kilikuwa kiti.

Najua kuna ndugu atasema: "Ustadh, na Christchurch?" Ndiyo. Ijumaa ya 15 Machi 2019, katika msikiti wa Al Noor kule New Zealand, muumini wa mlangoni alimkaribisha muuaji kwa neno la udugu, na akauawa pale pale. Kwa mashambulizi ya siku ile, katika misikiti miwili, walikufa shahidi ndugu zetu 51. Sitamdharau mtu anayelala na picha hiyo kichwani. Hofu yake ni ya haki. Swali ni hofu hiyo tunaipa nini mkononi.

*Aya ya swala ya hofu*

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 102, Mwenyezi Mungu anamfundisha Mtume (s.a.w.) jinsi ya kuswalisha wakati wa hatari. Kundi moja liswali naye, nao wameshika silaha zao, na kundi jingine liwe nyuma yao. Kisha wabadilishane. Kwa hiyo anayesema silaha na swala havikutani kamwe, aya hii inamjibu.

Lakini soma mpaka mwisho. Aya inaruhusu kuweka silaha chini ukiwapo udhia wa mvua au ugonjwa, ila hapo hapo inaamrisha tahadhari iendelee. Silaha ina ruhusa ya kuwekwa chini. Tahadhari haina. Basi tahadhari ni pana kuliko bastola. Mlango wa dharura usiofungwa kwa kufuli ni tahadhari. Kina mama kujua watatokea wapi na watoto ni tahadhari. Wangapi kati yetu wana bastola, na hawajui mlango wa nyuma wa msikiti unafungukia wapi?

Tena aya inazungumzia jamaa iliyopangwa na kiongozi wake. Haizungumzii mtu aliyejiamulia peke yake nyumbani, akafunika kwa shati, akaja safu ya tatu bila imamu kujua.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimwagiza anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Angalieni hekima. Hakumwambia asipite nayo. Alimwambia ncha iwe ndani ya kiganja chake mwenyewe, yaani ikiteleza, achomwe yeye mwenye mshale kwanza. Hiyo ndiyo kanuni: hatari ya silaha yako ni juu yako wewe, wala si juu ya mtoto aliyesujudu nyuma yako.

*Ncha za siku hizi*

Ziko ncha mbili nisizozisikia zikitajwa kwenye mazungumzo yetu.

Ya kwanza ni ile ya sare. Sheria imemkataza mlinzi wetu kuvaa alama. Sasa tuseme, Mungu apishe mbali, kuna tukio, watu wamepiga 911, polisi wanaingia mbio. Wanamwona nani? Mwanamume mweusi, mwenye ndevu, kashika bastola. Juni 2021 huko Arvada, Colorado, raia mmoja alimpiga risasi muuaji na kumzuia, kisha polisi waliofika wakamuua raia yule wakidhani ndiye mhalifu. Kikosi kisichojulikana na kituo cha polisi cha hapa jirani ni hatari kwa walinzi wenyewe.

Ya pili ni ya karatasi. Sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza aliye nchini kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni, kuwa na bunduki au risasi, na milango ya kutokea ni michache. Mwenye ukaaji wa kudumu anaruhusiwa, lakini kosa la silaha linaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Kijana wetu mwenye moyo mzuri, aliyepokezwa bastola mlangoni dakika 10 tu "nishikie kidogo nikatawadhe," anaweza kuvunja maisha yake kwa dakika hizo. Mwenye shaka amuulize wakili kwanza, si kundi la WhatsApp.

*Nitakachosema Jumamosi*

Mimi sitaiambia shura kwamba ni haramu, wala sitawaambia ni lazima. Nitawaomba hivi.

Asibebe silaha msikitini isipokuwa aliyepewa kazi hiyo na shura, na asipewe kwa sababu ameitaka. Ni Abu Musa huyo huyo aliyepokea kwamba Mtume (s.a.w.) hakumpa uongozi aliyeutafuta. Anayeililia sana bastola ya mlangoni, tumshukuru, tumpe kazi ya futari.

Aliyepewa apate mafunzo na ayarudie, kama vile sheria bado inayadai. Jina lake lijulikane kwa polisi. Akiwa zamu asiingie kwenye safu, aswali baadaye na wenzake kwa zamu, kama aya ilivyofundisha. Mtu hawezi kuwa amesujudu na huku anachunga mlango.

Na mlangoni asisimame peke yake. Asimame na mzee au mama wa kutoa salamu, asiye na chochote kiunoni. Anayekuja kwetu usiku wa manane mara nyingi si muuaji. Ni msafiri, au mtu aliyegombana na mkewe, au anayetaka kusilimu na anaona haya. Kanisa lile la White Settlement lilikuwa limewahi kumpa chakula yule yule aliyekuja kuua. Wallahi sidhani Mwenyezi Mungu atawauliza kwa nini walimlisha. Tukimpokea kila mgeni kwa jicho la bastola, tutakuwa tumelinda ukuta na tumepoteza msikiti.

Sayyidna Umar (r.a.) alichomwa kisu akiswalisha alfajiri. Sayyidna Ali (r.a.) alipigwa upanga kwenye msikiti wa Kufa, Ramadhani ya mwaka 40 Hijria. Mauti hayashindwi na walinzi. Lakini kulinda nafsi ni wajibu, na kufunga ngamia huja kabla ya kutawakali.

Yule mtoto aliuliza mjomba anamwogopa nani. Nikikutana naye tena nitamjibu vizuri zaidi: anayefaa kutulinda ni yule anayemwogopa Mwenyezi Mungu kuliko anavyomwogopa mtu wa mlangoni. Tukimpata huyo, tutamkabidhi. Tukimkosa, basi tusimame mlangoni kwa zamu, mikono mitupu na macho wazi, mpaka tumpate.

*Swali la kwenda nalo kwenye futari leo:* Kuna ruhusa gani maishani mwangu niliyoichukua bila kuuliza kama naistahili?

Wanaotaka kusimama mlangoni bila silaha katika kumi la mwisho, wake kwa waume, waonane nami baada ya tarawehe.

Ewe Mola wetu, ilinde misikiti yetu na nyumba zote unamotajwa jina lako. Walinde majirani zetu, na utulinde sisi tusiwe wa kumdhuru mtu asiye na hatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.