Bunduki ya Zizini

Je, serikali ina haki ya kumnyang'anya mtu kinga yake kabla yenyewe haijamkinga? Tarime swali hili si la darasani. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, bunduki zilizorudi kutoka Uganda ziliingia kwenye wizi wa mifugo, uliokuwa ukifanywa kwa mishale na mikuki. Walioibiwa nao wakatafuta bunduki. Leo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka mwenye silaha awe na kibali, na kibali hutolewa na serikali.

Wapo wanaoona hapo uonevu: mtiifu hubaki mikono mitupu, ilhali mwizi haendi polisi kuomba kibali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini aliyeibiwa leo kesho hulipiza kwa ukoo jirani, na bunduki iliyolinda zizi ndiyo anayokwenda nayo.

Kwa hiyo naunga mkono sheria, kwa sharti moja. Anayesalimisha silaha ameikopesha serikali usalama wake. Ikiwa kituo cha polisi kiko mbali na gari halina mafuta, deni halijalipwa. Ana haki ya kulidai mkutanoni, mbele ya wote, bila kuitwa mchochezi.